Nakhal: siku moja kwenye ngome ya juu ya mwamba

Ijumaa usiku, Sib, Oman

Kesho naenda Nakhal peke yangu. Shangazi hakulipenda wazo hili tangu mwanzo. Baada ya Magharibi amenizungushia maswali: nani atanisindikiza, nitakula wapi, gari likizima kule milimani nitamwita nani. Nimemjibu yote moja baada ya jingine, na mwisho amenyamaza, akainuka, akaingia jikoni kunikaangia kachori za kuchukua njiani. Nimemjua shangazi yangu maisha yangu yote, na najua kachori hizo ndizo ruhusa yake.

Sababu ya safari ni hii. Mimi ni mwalimu wa historia, nimezaliwa Bububu na nasomesha skuli ya mjini Unguja. Kila asubuhi dala la 502 hunipitisha Mtoni, karibu na magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Kwa miaka kumi na moja nimewasomesha watoto habari za mtu huyu: namna alivyoipenda Unguja alipoiona mwaka 1828 mpaka akahamishia makao yake huku, namna alivyowalazimisha wenye ardhi kupanda mikarafuu, namna alivyowavunja nguvu Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mwaka 1837, na namna alivyofia melini mwaka 1856, akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Maskati. Katika vichwa vya wanafunzi wangu, na katika changu pia, Said ni mtu wa bahari. Ukimtaja, unaona matanga.

Kumbe minara na lango la ngome ya Nakhal vilijengwa mwaka 1834, katika enzi yake. Ngome ya bara, juu ya mwamba, mgongo wake mlimani. Miaka hiyohiyo Mtoni palikuwa panajengwa na kuhamiwa. Mkono mmoja ukijenga jumba la kupunga upepo ufukweni Unguja, wa pili ukiimarisha ngome ya mawe huku nyuma nyumbani. Tangu nilipolijua hilo sikuweza kukaa Oman wiki mbili nzima bila kwenda kuiona kwa macho yangu.

Gari ni la binamu. Mafuta nimejaza. Nalala.

Jumamosi

*Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.* Nimetoka Sib jua halijachomoza vizuri. Usukani uko kushoto na barabara inakwenda kwa mkono wa kulia, kinyume na kwetu, kwa hiyo kila nilipofika mzunguko wa barabara nilikuwa najisemea kwa sauti: "Kulia, kulia." Baada ya nusu saa mwili ukazoea. Januari huku hewa ni baridi ya kuvaa sweta asubuhi, na barabara kuu ni pana, imenyooka, bahari iko kulia lakini huioni.

*Barka.* Nimesimama kunywa chai ya maziwa kwenye kigenge cha barabarani, nikaletewa mpaka garini bila kushuka. Mtu anaweza kupita Barka akidhani ni mji wa maduka na samaki tu. Mwalimu wa historia hawezi. Hapa ndipo Said, kijana aliyezaliwa mwaka 1791, alipomuua binamu yake Badr bin Saif mwaka 1806 ndipo njia ya kutawala ikamfungukia. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nimekaa na kikombe mkononi nikiwafikiria wale watoto wangu, wenye kusahau madaftari nyumbani, na kijana wa rika lao aliyeshika jambia kwa sababu asingelishika yeye angelishikiwa.

Kutoka Barka unaipa bahari mgongo, unaelekea bara kiasi cha kilomita thelathini. Hapo ndipo nchi inapobadilika. Milima ya Hajar inasimama mbele yako ghafla, na mtu wa Unguja hana cha kuifananisha nayo. Hakuna udongo, hakuna majani, hakuna mti. Ni jiwe tupu, la kijivu na kahawia, limechanika chanika kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyepita hapa mara ya kwanza akasema hapa ndipo nitakapokaa. Kisha barabara ikapinda, na chini ya mlima nikaona kijani. Mitende, mitende, mitende, imebanana kama watu kwenye uwanja wa Idi. Na juu ya mitende, ngome.

*Saa mbili na robo, Nakhal.* Nimeegesha chini nikaitazama kwanza kabla ya kupanda. Rangi ya ngome ni rangi ya mwamba uleule inaoukalia, hivyo ukiangalia kwa mbali huwezi kusema jiwe la Mungu limeishia wapi na la mwanadamu limeanzia wapi. Waliojenga hawakuchimba msingi. Mwamba ndio msingi. Ukuta unapanda pale mwamba unapopanda, unapinda unapopinda, na ndani kuna sehemu ambapo jiwe lenyewe limeachwa lichomoze katikati ya ua, kubwa kama nyumba, na ngazi zikalizunguka. Wasemavyo watu wa huku, chini kabisa kulikuwa na jengo la kabla ya Uislamu, kisha kila utawala uliokuja ukaongeza chake. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulifanywa mwaka 1990, kwa vifaa vya kienyeji, na naona walifanya vyema, kwani sikuona mahali palipopakwa simenti ya kisasa ikaharibu sura.

Hapo niseme neno moja lililonifurahisha. Udongo wa kujengea kuta hizi huchomwa kwa magogo ya mitende, ukatwangwa, ukachanganywa na maji, na huitwa *sarooj*. Nililisoma neno hilo kwenye kibao nikalirudia mara tatu. Saruji! Neno tunaloliandika kila siku kwenye karatasi za fundi, mifuko kumi ya saruji, mifuko ishirini ya saruji, ndilo hili, limevuka bahari na majahazi. Nikaweka kiganja changu ukutani. Ulikuwa bado baridi kwa usiku, na una chembechembe kama mkate wa mofa.

Lango ni la mbao nzito, na limepigwa misumari yenye vichwa vya ncha. Kwetu Mji Mkongwe misumari ya shaba kwenye milango ni pambo, na sote tunawaambia wageni kuwa asili yake ni kuzuia tembo huko Bara Hindi. Hapa sikuhitaji kuambiwa hadithi. Misumari hii ni ya kumzuia mtu asiegemeze bega. Katika lango kubwa kuna mlango mdogo, wa kupitia mmoja mmoja tena kwa kuinama, na ukishainama shingo yako iko mikononi mwa aliye ndani. Nikainua macho. Juu ya kizingiti kuna upenyo mrefu, na kupitia hapo walikuwa wakimmwagia adui asali ya tende iliyochemka. Maji ya moto hukimbia yakapoa. Asali hunata.

Mzee aliyekaa kivulini mlangoni, kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi, alinikaribisha kahawa kabla hajaniuliza chochote. Tulisalimiana kwa Kiarabu changu cha chuoni. Kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu yenye hiliki, tende tatu kwenye sahani. Nilipotikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, alicheka kwa furaha kuona nilijua ada.

*Chumba cha tende.* Vyumba ni vingi na sitaviandika vyote. Kuna ghala, kuna chumba cha kufungia watu, kidogo na cheusi, ambacho nilitoka upesi. Kuna vyumba vya familia ya liwali vyenye mazulia, mito na makasha yenye misumari ya shaba kama lile la bibi yangu, na dari za magogo. Kwa karne nyingi boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilikuja huku kuezekea nyumba za pwani ya Oman, kwa hiyo kila ninapoingia nyumba ya kale hapa huangalia juu kwanza.

Lakini chumba nilichokaa muda mrefu ni kile cha tende, wanachokiita *madbasa*. Ni kidogo, hakina dirisha la maana. Sakafu yake si bapa. Ina matuta membamba yaliyopangwa sambamba, na baina ya tuta na tuta kuna mfereji wa upana wa vidole viwili. Mifuko ya makuti iliyojazwa tende ilipangwa juu ya matuta, mmoja juu ya mwingine mpaka karibu na dari, na uzito wa mifuko ya juu ukazikamua za chini. Hakuna aliyesukuma wala kukanyaga. Joto la kiangazi na uzito vilifanya kazi, na asali ikateremka tone kwa tone, ikafuata mfereji, ikaingia kwenye mtungi uliozikwa mwishoni. Sehemu ililiwa, sehemu iliwekwa kwa ajili ya lile tundu la juu ya lango.

Nilichuchumaa nikapitisha kidole kwenye mfereji mmoja, kutoka ukutani hadi kwenye tundu la mtungi. Ni laini. Kingo zimepoteza ukali, zimekuwa kama kingo za kinu cha zamani. Nikabaki nimechuchumaa pale. Tende haziji zenyewe ghalani. Mtende unataka mtu wa kuupanda mara nyingi kwa mwaka: kuupandishia maua kwa mkono, kuyafunga makole, kuyakata, kuyateremsha kwa kamba. Na mfereji wa maji unataka mtu wa kuingia ndani yake kuuzibua.

*Juu, saa tano kasoro.* Ghorofa ya juu kabisa ina baraza la liwali, na hapo nilielewa kwa nini watu walikubali kuishi ndani ya jiwe. Madirisha yako chini, yanaanzia karibu na sakafu, ili aliyeketi kwenye mkeka apate upepo usoni. Na upepo upo. Yamepangwa yakaelekeana, upepo unaingia hapa unatokea kule, na chumba kizima kinapumua. Nilivua viatu nikaketi. Upande mmoja mlima, karibu kiasi cha kuhisi uzito wake. Upande wa pili bahari ya mitende, kisha uwanda wa Batinah unaonyooka mpaka unapotea kwenye ukungu, na nyuma ya ukungu ni bahari yenyewe, njia ya kwenda kwetu.

Hapa nitaandika kitu ambacho sikumwambia shangazi. Bibi yangu mzaa mama asili yao ni Rustaq, mbele kidogo tu kwenye barabara hiihii. Bibi yangu mzaa baba aliitwa Mnyasa mpaka siku anakufa. Alifika Unguja akiwa tumboni mwa mwenye kununuliwa. Katika karne ya 19 mashamba ya mitende ya Batinah yalijaa watu wa kwetu, waliotekwa bara, wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini kusi ilipovuma na kuja kumwagilia, kukwea mitende, minazi ya huku isiyo na madafu, na kufia huku. Mkataba ambao Said aliutia saini mwaka 1845 ulikataza kuwachukua watumwa kutoka Afrika kuwaleta Arabuni, lakini majahazi yaliendelea kuja kwa siri kwa miaka mingi baada yake. Haya yote nayasomesha. Nayaandika ubaoni kwa chaki, na tarehe zake. Ila sikuwahi kuyasomesha nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa liwali, napulizwa na upepo mzuri, natazama chini kwenye mitende ileile.

Nililia kidogo. Hapakuwa na mtu. Nikawasomea Fatiha wote wawili, bibi wa Rustaq na bibi Mnyasa, na wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Halafu nikala kachori mbili za shangazi, maana nilikuwa na njaa.

*Adhuhuri, chemchemi ya Thawwarah.* Mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka ngomeni, mlima unapasuka na maji ya moto yanatoka. Moto wa kuogea, si wa kuunguza. Yanaingia kwenye mfereji uliojengewa na kuteremka mashambani. Jumamosi ni mapumziko huku, kwa hiyo familia zimetandika mikeka chini ya mitende, watoto wamelowana, moshi wa nyama kila mahali. Nimeona mume na mke wamekaa na miguu majini, hawasemi kitu, wameshiba kimya.

Nikakunja baibui langu, nikatumbukiza miguu, nikampigia shangazi kumwambia niko salama. Kumbe nilikuwa nazungumza kwa sauti. Nilipokata simu, bibi mmoja aliyekaa upande wa pili wa mfereji, kajitanda kanga juu ya nguo yake, alikuwa ananitazama.

"Wewe mtoto wa wapi?" akaniuliza. Kwa Kiswahili, tena cha mjini kabisa.

"Shikamoo bibi. Mimi wa Unguja. Bububu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Bububu pepi? Kwa huku Kijichi, au kwa huku Mtoni?"

"Katikati, bibi. Lakini kila siku napita Mtoni."

Akanyamaza. Kisha akapiga mkeka wake kwa kiganja, na mimi nikavuka maji nikaenda kuketi.

Aliondoka Ng'ambo, ile ya mjini Unguja, mwaka 1964, akiwa na miaka tisa. Hakunieleza namna walivyoondoka, na mimi sikumuuliza. Kwetu kuna mambo ambayo mtu akiyaruka, nawe unayaruka. Walihangaika nchi mbili tatu, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika, baba yake akawaleta huku. "Hapo nilikuwa nishakuwa mwari. Sijui Kiarabu, najua ahlan tu. Unguja walituita Wamanga. Tulipofika huku wakatuita Zinjibari. Nikamuuliza baba, basi sisi ni nani? Akasema, nyinyi ni wanangu, nendeni mkalale."

Akacheka, nami nikacheka, lakini mkono wake ulikuwa umenishika kifundo cha mkono na haukuniachia.

Alinipa mkate wa kumimina aliouleta kwenye kikapu. Nilipoutia mdomoni nikamwambia una iliki ya kutosha na tui halikubaniwa, na alifurahi kama mtoto. Akaniuliza urojo wa Forodhani kama bado wanautia bajia za dengu. Akaniuliza kama wanawake bado wanapiga ukunga harusini. Nikamwambia nimetoka ngomeni, nimekuja kumtafuta Said, na akaitazama ngome ile kana kwamba ameisahau ipo. "Miaka yote hii naja kutia miguu yangu, magoti yananiuma. Juu kule nimepanda mara moja. Upepo mzuri." Kisha akasema, "Baba akitupeleka Mtoni Ijumaa baada ya sala. Tukisimama kwenye tao, tunaiona bahari ndani ya tao kama picha ndani ya fremu. Ipo bado?"

Nikamwambia kuta zipo. Akanisihi nikirudi nimpigie picha, bahari ndani ya tao. Mjukuu wake akaja, msichana anayejibu kwa Kiarabu kila aulizwapo kwa Kiswahili, akaandika namba yake kwenye simu yangu.

*Usiku, Sib.* Nimerudi salama. Barabara ya jioni ilikuwa na magari mengi na macho yamechoka. Shangazi alikuwa kasimama mlangoni.

Jumapili, Sib

Nimefua. Maji ya kwanza ya ule ushungi yametoka rangi ya ngome. Shangazi ameniuliza nimeona nini, nikamsimulia lango, asali, chumba cha tende, yule bibi. Habari ya juu barazani nimeianza nikaiacha. Akaniambia, bila kuniangalia, huku anachambua mchele: "Bibi yako Mnyasa alinilea mimi pia. Ukienda tena, nichukue."

Alhamisi, Unguja

Leo nikitoka skuli nimeshuka dala Mtoni badala ya kufika nyumbani. Maji yalikuwa yamejaa. Nimezunguka magofu mpaka nikapata tao moja ambalo bado limesimama kwa upande wa bahari, nikapiga picha, nikaituma Oman. Nilikuwa sijafika barabarani jibu likaingia, la sauti, na nyuma yake nasikia televisheni na yule mjukuu anacheka.

"Nimeiona, mwanangu, Mungu akupe. Lakini umesimama mbali, bahari imekatika upande mmoja. Hebu sogea kidogo kushoto."

Nikarudi, nikasogea kushoto.